Hakuna Burhani Bila Mwenye Shaka

Mwezi wa Aprili mwaka 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji, nao walikuja na swali lililokuwa likiwashughulisha sana wataalamu wa jiografia wa Ulaya: je, mto Ruzizi unatoka katika ziwa Tanganyika kwenda kaskazini, au unaingia ziwani? Speke alikuwa amekwisha kuambiwa na mfanyabiashara mmoja Mwarabu kwamba unatoka. Vijana wa Uvira, watoto wa mtawala wa hapa, walimwambia Burton kwa kauli moja kwamba unaingia. Wageni wale hawakufika mlangoni mwa mto, wakaondoka na maneno ya watu badala ya yakini, na ubishi ukaendelea ng'ambo ya bahari kwa muda wa miaka 13, hata Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipofika ncha ya ziwa wakayaona maji ya Ruzizi yakimiminika ziwani, sawasawa na walivyosema vijana wale.

Habari ya mto, basi, mtu huisikia, kisha huenda akaitazama, na shaka ikaisha. Lakini hisabati imejaa madai ambayo jicho haliwezi kuyamaliza. Mtu akisema kwamba nambari mbili witiri, ziwazo zozote, zikijumlishwa huzaa nambari shufwa, hapana mtumbwi utakaomfikisha kwenye nambari ya mwisho ili akahakikishe, kwa kuwa nambari hazina mwisho. Na ajumlishe 3 na 5, ajumlishe 7 na 9, ajumlishe hata mvi zimtoke, bado atakuwa amejaribu chache na kuacha zisizo na idadi. Hapo ndipo inapohitajiwa burhani, yaani mfuatano wa hoja ambamo kila moja imeshikwa na ile iliyoitangulia, hata msikilizaji mwenye akili timamu asipate njia ya kukataa. Kuandika burhani ya namna hiyo ni kazi ngumu kuliko zote anazokutana nazo kijana aingiapo chuo kusoma hisabati, na nionavyo mimi, kazi hiyo hufundishika vizuri zaidi katika kundi kuliko katika upweke, ila kwa sharti kwamba kundi lenyewe liwe la namna nyingine kabisa, si ile tuliyoizoea katika vyuo vyetu.

Tuitazame kwanza hali ya kijana huyo. Amemaliza sekondari, pengine katika mkondo wa hisabati na fizikia. Ameukabili ule mtihani wa taifa ambao kila nyumba ya Kongo huungojea kwa hofu, naye akafaulu, akamwagiwa poda nyeupe kichwani na ndugu na majirani wakashangilia. Furaha ile ni ya haki. Lakini maswali ya hisabati ya mtihani ule ni ya kuchagua: mtahiniwa huwekewa majibu kadhaa, naye hutia alama kwenye moja, wala hapana anayemuuliza kwa nini amelichagua hilo akaacha mengine. Kijana anaweza kuwa hodari sana wa kupata jibu, hata akasifiwa mtaa mzima, ilhali hajapata kuandika sentensi kumi mfululizo za kueleza sababu ya jambo lolote la hisabati.

Aingiapo chuo, profesa huandika burhani ubaoni, darasa hunakili. Kisha hutokea kitini, ambacho wanafunzi wetu hukiita silabasi, kila mwenye uwezo akanunua na asiye na uwezo akaazima. Na siku ya mtihani burhani hurudishwa kwa profesa kama amana iliyowekwa. Nimepata kusoma karatasi ambazo burhani imerudishwa kamili, pamoja na makosa ya chapa yaliyokuwamo kitinini, ambayo kila mtu aliyeielewa hoja angeyasahihisha bila hata kutambua kwamba anasahihisha. Huyo aliyeandika hakuwa mvivu, alikesha. Bali bidii yake yote ilielekezwa kwenye kukumbuka, na hapana hata siku moja alipotakiwa kumridhisha mtu ambaye hajakubali bado.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba kazi za kundi zipo tayari, na kila mwanafunzi wa Kongo azijua kwa jina la TP, yaani travaux pratiques. Ndiyo, zipo, na ningalitaka kumwonyesha mgeni jinsi kazi ya kundi isivyopasa kuwa, ningalimwonyesha hizo. Wanafunzi kumi au zaidi huwekwa pamoja na kupewa swali. Mmoja, yule ajulikanaye kuwa ana kichwa, hulifanya usiku kwa mwanga wa simu. Mwingine hutoa pesa za chapa na fotokopi. Wa tatu huipeleka kazi kwa msaidizi wa profesa. Na waliobaki huleta majina yao, yakapangwa vizuri kwenye ukurasa wa kwanza. Alama ikitoka, ni moja kwa wote. Kazi imegawanywa, lakini fikra haikugawanywa, kwa sababu fikra ilibaki na yule mmoja, ambaye naye hakupata mtu wa kumpinga. Hivyo amepotea yeye kwa kukosa mpinzani, na wamepotea wenzake kwa kukosa kufikiri.

Kundi ninalolitetea halikusudiwi kupunguza mzigo. Madhumuni yake ni kuleta shaka. Katika baraza la mwami, yaani mtawala wa jadi, mtu adaiye shamba haachwi aseme tu kwamba ni la baba yake, bali wazee humwuliza mpaka umefika wapi, nani aliyeuweka, nani aliyekuwapo, na neno moja lisilo na shahidi huweza kuiangusha daawa nzima; wala mdai hawachukii kwa maswali hayo, kwa kuwa ajua kwamba hukumu iliyopita katika maswali ndiyo itakayodumu. Burhani ya hisabati ni daawa ya namna hiyo, nayo humtaka aliyeitoa akae mbele ya watu ambao kazi yao ni kutokubali upesi. Mwanafunzi aandikaye peke yake ni mdai na ni hakimu pia, na ni mara chache hakimu wa namna hiyo kumhukumu vibaya mdai wake.

Nitoe mfano mmoja, nao ni wa jambo lile lile la witiri na shufwa, kwa kuwa ndipo makosa yaonekanapo wazi. Msichana mmoja na wavulana watatu wamekaa kuzunguka dawati. Mmoja wa wavulana anaandika kwa kujiamini: kila nambari witiri huandikwa 2k + 1, basi ya kwanza ni 2k + 1, na ya pili ni 2k + 1, tukizijumlisha tunapata 4k + 2, nayo ni mara mbili ya 2k + 1, kwa hiyo ni shufwa. Anaweka kalamu chini. Sentensi zote zinafuatana, hesabu ni sahihi, na jumla kweli ni shufwa. Profesa mwenye haraka angaliweza kuipa alama nzuri. Msichana anaisoma kwa sauti, anasita, kisha anauliza: "Lakini yaya, kama ya kwanza ni tatu na ingine ni tano, hiyo k yako ni ngapi?" Mvulana anajibu kwamba k ni nambari yoyote. "Sawa. Tatu na tano ni nane. Sema basi, 4k + 2 inakuwa nane wakati gani?" Wanahesabu: k ingepaswa kuwa moja na nusu, ambayo si nambari kamili. Kimya. Kisha mvulana mwenyewe ndiye anayeona kwamba alipotumia herufi moja kwa nambari mbili alizilazimisha ziwe sawa bila kujua, na kwamba alichokithibitisha ni habari ya nambari witiri kujumlishwa na nafsi yake tu. Anafuta, anaandika ya pili kuwa 2m + 1, na jumla inakuwa mara mbili ya k + m + 1, safari hii kwa nambari zote.

Mwalimu angeweza kuwaambia sheria hiyo tangu mwanzo: vitu viwili visivyolazimika kuwa sawa vipewe herufi mbili. Nasi twajua jinsi sheria iliyotamkwa ubaoni inavyokaa kichwani: hukaa mpaka jioni. Lakini aliyeulizwa "k yako ni ngapi?" mbele ya wenzake akakosa jibu, hatalisahau swali lile, na kidogo kidogo atajifunza kujiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kundi: humwazima mwanafunzi mwenye shaka wa nje, hata apate wa ndani.

Kosa jingine la namna hiyo ni la kuanza na lile linalotakiwa kuthibitishwa, kuligeuzageuza hata lifike kwenye jambo la kweli, kisha kutangaza ushindi, kana kwamba uongo hauwezi kuzaa ukweli. Katika kundi, mmoja atatokea wa kusema: basi nami nadai kwamba 1 ni sawa na −1; nazidisha kila upande kwa nafsi yake, napata 1 = 1, ambayo ni kweli; je, dai langu limethibitika? Watacheka, na kicheko kile kitawafunza haraka kuliko kurasa tatu za kitini.

Lipo jambo la pili ambalo kundi hulifanya katika mji kama huu wetu, na vyuo haviliweki katika hesabu. Burhani zetu huandikwa kwa Kifaransa, nasi hatuna sababu ya kuona haya kwa hilo. Lakini kijana wa Uvira hushindana kwa Kiswahili, na nyumbani pengine kwa Kivira, Kifuliiru au Kibembe. Mbele ya ukurasa wa Kifaransa akiwa peke yake, aghalabu huazima sentensi za kitini kwa sababu ni sahihi kisarufi, hata pale ambapo hazisemi alichokusudia. Katika kundi, hoja huanza kwa Kiswahili, hupingwa kwa Kiswahili, hukubaliwa kwa Kiswahili, na ndipo wanapotafuta jinsi ya kuiandika. Na kwa kuwa wamekwisha kujua wanalotaka kusema, Kifaransa huwa mtumishi wao, si bwana wao.

Labda itasemwa kwamba haya ni mambo ya walimu wa siku hizi wapendao michezo darasani, na kwamba hisabati ya kweli ni kazi ya mtu mmoja na mlango uliofungwa. Sivyo, na ushahidi uko karibu kuliko tudhanivyo. Mwezi Desemba 1934, vijana wachache wa Kifaransa, miongoni mwao André Weil, Henri Cartan na Jean Dieudonné, walikutana katika mkahawa mjini Paris wakaazimia kuandika kitabu kipya cha hisabati. Wakaficha majina yao nyuma ya jina moja la kubuni, Nicolas Bourbaki, na kuanzia mwaka 1939 vitabu vyao vikatoka, vikali, vikavu, visivyo na neno la ziada. Mwenendo wao wa kuandika ulikuwa huu: mmoja huleta rasimu, rasimu husomwa kwa sauti mbele ya wote, kila mtu hukatiza na kupinga apendavyo, na ikisha kuchanwachanwa hukabidhiwa mwingine aiandike upya, ambaye naye hutendewa vile vile, mara nyingine kwa miaka. Roho ya vitabu vile ilipita Ubelgiji, ambako Georges Papy alichapisha kitabu cha kwanza cha mfululizo wake wa hisabati mpya mwaka 1963, na kwa njia ya Wabelgiji ikafika katika madarasa yetu. Tulichopokea ni ukali wa ukurasa uliokamilika. Kelele zilizouzaa, ubishi, rasimu zilizotupwa, hizo hazikusafirishwa. Na mwanafunzi wetu hudhani kwamba burhani hutoka kichwani mwa mtu ikiwa imekwisha nyooka.

Ushahidi wa pili watoka Marekani. Katika miaka ya 1970 Uri Treisman, katika chuo kikuu cha California mjini Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wakianguka katika somo la kalkulasi, ilhali wenzao wa asili ya Kichina walikuwa wakifaulu. Wasomi waliomzunguka walikuwa na majibu tayari: umaskini, malezi, kukosa ari. Treisman aliwafuata wanafunzi wenyewe, hata mahali walipokaa, akaona kwamba wale weusi walikuwa na bidii na wazazi wenye kuwatakia elimu, ila walisoma peke yao, kila mtu na daftari lake. Wale wa Kichina walisoma peke yao kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakasahihishana. Akaanzisha mikutano ya kazi ambamo wanafunzi walipewa maswali magumu, wala si marudio ya wanyonge, wayashindanie pamoja, na hali yao ikabadilika. Somo lile lilikuwa la kalkulasi, si la kuandika burhani. Lakini ikiwa mazungumzo yanafaa katika hesabu, ambako jibu huweza kujisahihisha, sembuse katika burhani, ambako msahihishaji ni mtu peke yake?

Najua hoja ya upande wa pili. Yuko R. L. Moore, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Texas karibu nusu karne, aliyewakataza wanafunzi wake vitabu na kuwakataza wasisaidiane, na akatoa wanahisabati hamsini wenye shahada ya udaktari. Lakini mtazame Moore vizuri. Mwanafunzi aliyepata burhani usiku katika upweke wake alipaswa kesho yake kusimama ubaoni, na wenzake wote wakikaa kutafuta ufa. Upweke ulikuwa nusu ya kwanza tu. Na tusisahau kwamba mlango wa Moore ulifungwa kwa wanafunzi weusi: Vivienne Malone-Mayes, aliyepata udaktari wa hisabati katika chuo hicho hicho mwaka 1966, hakuruhusiwa kuingia darasani kwake, na mkahawa ambamo wenzake walikwenda na profesa wao kuzungumza hisabati ulikuwa wa wazungu tu. Vitabu alikuwa navyo, akili alikuwa nayo. Alichonyimwa ni meza ya mazungumzo, na alijua vema thamani ya alichonyimwa.

Habari hiyo inatuhusu kuliko tunavyopenda kukiri. Katika makundi yetu, msichana aghalabu hufanywa mwandishi kwa sababu mwandiko wake ni mzuri, na mwandishi hana nafasi ya kushindana. Naye mvulana mwenye sauti kubwa hushinda hoja kwa pumzi zake. Kundi lisilo na utaratibu humfungia mtu mlango huku amekaa ndani. Kwa hiyo utaratibu ni lazima, nao si wa gharama. Watu wawe wanne, wala wasizidi, na mwalimu ndiye awapange. Dakika kumi za kwanza ziwe za kimya, kila mtu na karatasi yake, ili asiwepo wa kuja mikono mitupu. Kisha washindane, na kazi ziwe za zamu: leo huyu ndiye mwandishi, yule ndiye mwenye shaka, ambaye wajibu wake ni kuuliza "kwa nini?" katika kila mstari, na wiki ijayo wabadilishane. Hati yao ikisha, waipeleke kwa kundi la jirani, nalo lichore mstari chini ya kila sentensi isiyoliridhisha. Mwisho mwalimu apige kura, na yule ambaye kura imemwangukia asimame ubaoni aitetee hati bila kuishika. Na somo linalofuata kila mmoja aiandike peke yake, kwa maneno yake.

Wenzangu walimu hulalamika kwamba madarasa ni makubwa, nao wana haki. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi mia ana karatasi mia za kusoma, ambazo hazisomi, na mimi simlaumu. Mwenye makundi 25 ana hati 25, nazo zimekwisha kupita mikononi mwa wakosoaji wanne kabla ya kumfikia. Mashine haihitajiki, wala umeme; kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na chaki chatosha, na pakikosekana chumba, kivuli cha mwembe hakikatai. Tena mfumo wa shahada uitwao LMD, uliotangazwa kwa vyuo vyote nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021–2022, unahesabu kazi ya mwanafunzi mwenyewe kuwa sehemu ya somo. Saa hizo zimekwisha kuandikwa katika ratiba. Kilichobaki ni kuzijaza kitu chenye maana.

Nasi tusiwafikirie wanafunzi hawa peke yao. Wengi watakuwa walimu, watasambaa Sange na Luvungi, Baraka na Fizi, na kila mmoja atapitisha mikononi mwake vijana kwa mamia. Mwalimu aliyefunzwa kurudisha kitini atawafunza wengine kurudisha, na mtoto atakayemuuliza "kwa nini?" ataonekana mtovu wa adabu; lakini mwalimu aliyezoea kuulizwa atalipokea swali lile kwa insafu, kwa kuwa ndilo lililomlea.

Basi neno langu kwa wakuu wa vyuo vya ukanda huu ni moja, nalo halingojei bajeti wala barua kutoka Kinshasa. Ile alama moja inayogawiwa majina yote yaliyoorodheshwa ifutwe. Kuanzia muhula ujao, mtu yeyote aliyetia jina lake kwenye kazi ya kundi aweze kuitwa ubaoni kuitetea, na akishindwa, kundi lote lipoteze alama, hata kama hati yenyewe haina kosa hata moja. Kwa maana hati isiyo na kosa ambayo walioitia majina hawawezi kuitetea, haijathibitisha lolote ila kwamba wanajua kunakili.